Geti la 73939133

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida, na mwalimu wa hesabu alikuwa akiifanya kazi yake ya kawaida ya Jumamosi, yaani kuwadharau ndugu zake. Alikaa barazani kwa mama yake, mguu juu ya mguu, akawatazama wakiingia getini mmoja baada ya mwingine kuja kwenye kikao alichokiitisha yeye. Dereva aliingia akinuka dizeli. Mshonaji aliingia na utepe wa kupimia shingoni, kana kwamba angeulizwa kiuno cha mtu njiani. Kinyozi alikuja na nywele za watu wengine mabegani. Muuguzi alikuwa ametoka zamu, anapiga miayo, na kitinda mimba, fundi simu, alikuja akikwaruza simu ya mteja kwa ukucha. Wote watano, aliwaza mwalimu, ukiwapa namba ya tarakimu mbili waigawanye watavua viatu ili vidole vitoshe.

Shuleni wanafunzi walimwita Sufuri. Hawakumwita hivyo kwa kuwa hajui kitu. Alijua, tena alijua sana, na hilo ndilo lililomharibu. Walimwita hivyo kwa sababu hakuna kilichompendeza duniani kama kuchora sufuri nyekundu kwenye kazi ya mtoto, kisha kuizungushia kalamu mara ya pili ili inenepe. Jina lilipomfikia masikioni alidhani anasifiwa. Mtu wa namna hiyo.

"Nitasema kwa ufupi," alianza, akaongea kwa urefu. Alitaka ukuta ujengwe katikati ya ua. Yeye achukue upande wa mbele, wenye geti na vile vyumba viwili vikubwa, afungue darasa la ziada. Wengine wabaki nyuma na wapitie kichochoroni, kule kwenye choo.

"Na Mama?" mshonaji akauliza.

"Mama ana stoo. Mama hahitaji nafasi, ni mtu wa kukaa tu."

Alisema hivyo mama mwenyewe akiwa pale pale, anakunja nguo. Mama hakuinua macho. Kaburi la mumewe lilikuwa halijaota hata nyasi.

"Baba alikataza," kinyozi akasema.

Sufuri alimtazama kinyozi kama mtu anavyotazama unywele kwenye mchuzi. Katika ndugu zake wote huyu ndiye aliyemkera zaidi. Hakuwa na maneno mengi, mama alimpenda waziwazi, na alikuwa amejifunza kuchomelea kwa baba yao, jambo ambalo Sufuri aliliona la aibu ingawa hakuna aliyemwuliza.

"Baba alisema siku namba ya geti itakapogawanyika, na nyinyi mgawane," Mama akasema taratibu. "Kabla ya hapo mtu asiguse."

Wote wakageuka kulitazama geti. Juu yake, zikiwa zimechomelewa kwenye bapa la chuma, zilisimama tarakimu nane nene, zenye kutu pembezoni: 73939133. Haikuwa namba ya mtaa. Nyumba za mtaa ule hazikuwa na namba, na mwenye mzigo wako alikuita kwa kupiga kelele. Marehemu alikuwa fundi wa kuchomelea, na nyumba hii aliianza kwa geti. Lilisimama peke yake kwenye kiwanja kitupu, na watu walilicheka, kabla hajaweka hata tofali moja.

"Kila alipoingia mtu kuja kuishi humu, aliongeza tarakimu moja," Mama akaendelea. "Alikata vyuma, akajaribu kimoja kimoja. Kisichotakiwa kilidondoka chenyewe kikipoa. Kinachotakiwa kilishika. Saba ni yeye. Tatu inayofuata ni mimi. Ile ya mwisho kabisa ni ya kitinda mimba, na baada ya hapo geti likagoma. Dereva alipoleta mke, baba yenu alijaribu zote, sufuri mpaka tisa. Zote zikadondoka. Yule binti mnakumbuka hakukaa."

Dereva alitazama chini. Ni kweli hakukaa.

"Mama, hiyo inaitwa kuchomelea vibaya," Sufuri alisema, akacheka peke yake.

Hata yeye alikuwa na siku yake kwenye geti lile, kama angejali kuikumbuka. Alikuwa mzaliwa wa kwanza, ndiyo, lakini alizaliwa kabla ya nyumba, akaachwa kwa shangazi yake karibu na shule nzuri. Alipoletwa kuishi hapa, dereva, mshonaji na kinyozi walikwisha kumtangulia kuingia. Jioni ile baba yake alimwita aje aone tarakimu yake inavyowekwa. Hakwenda. Alikuwa amenuna chumbani kwa kuwa aliambiwa alale kitanda kimoja na wadogo zake.

Kikao kikaisha kwa Sufuri kusimama na kujipangusa suruali. "Namba ya tarakimu nane, iliyookotwa kwenye vyuma chakavu, isigawanyike? Nipeni mpaka Jumatatu."

Jumatatu aliiandika ubaoni mbele ya darasa, ili apate mashahidi. Kwa mbili haikukubali, hilo lilionekana kwa macho. Kwa tatu alijumlisha tarakimu zake akapata thelathini na nane, haikukubali. Kwa saba, baki. Kwa kumi na moja, baki. Kwa kumi na tatu, baki. Ubao ulijaa, akaufuta, ukajaa tena. Kengele ililia na wanafunzi walitoka wakisukumana, yeye akabaki na chaki mpaka kwenye nyusi. Mwishowe aliingia kwa katibu wa shule, akamwondoa kwenye kiti chake bila kumwomba, akaiuliza kompyuta. Kompyuta haikusita. Namba tasa. Hakuna namba nzima inayoigawanya bila baki, isipokuwa moja na yenyewe.

Mwingine angestaajabu. Kitu kama hicho juu ya geti la fundi aliyeacha shule ili abebe nondo, ni cha kukaa nacho, kushika kidevu, kukiwaza. Sufuri alijiona ametukanwa. Aliona marehemu amemcheka kutoka kaburini.

Njiani kurudi ndipo akapata wazo, na lilikuwa wazo la kitoto, la mwanafunzi anayefuta swali gumu ili abakiwe na rahisi. Baba alisema namba ya geti. Geti likipoteza tarakimu ya mwisho, namba ya geti ni nyingine. Na hiyo nyingine lazima igawanyike, bahati haiji mara mbili. Hakujisumbua hata kuijaribu kwanza. Yeye, aliyewapiga watoto wa watu sufuri kwa kutohakiki majibu yao!

Aliukuta ua kimya, jua la alasiri likiwa ukutani. Akatoa msumeno wa chuma kwenye sanduku la marehemu, akapanda kwenye kiti, akaanza. Alikata nusu tu. Ile tatu ya mwisho ikajiachia yenyewe, kama jino la mtoto lililokuwa likingoja kuguswa. Ilikuwa ya moto, akadhani ni jua. Akaiweka juu ya nguzo ya geti ili awaonyeshe jioni, akatoa simu, akaingiza 7393913 kwenye ukurasa wa kukagua namba.

Tasa.

Alisonya. Akajaribu tena, jibu likawa lile lile. Akaamua simu ndiyo mbovu, akaingia ndani kumtafuta fundi simu.

"Mama, kitinda mimba yuko wapi?"

"Yuko ndani, anabadili nguo za zamu."

"Siyo muuguzi. Kitinda mimba. Fundi simu."

Mama alimtazama kama anayetafuta homa usoni mwake. "Kitinda mimba wangu ni muuguzi. Umekula, mwanangu?"

Akadhani ni utani. Akaenda chumba cha mwisho, kile cha kijana, kilichojaa nyaya na vioo vilivyopasuka. Hapakuwa na waya hata mmoja. Palikuwa na cherehani kuukuu ya mshonaji, na chini yake doa la mafuta, kubwa, jeusi, lililoingia kwenye saruji kwa miaka mingi.

Sufuri akakaa chini. Alimwita dereva, akamwuliza. Dereva akacheka. Alimwuliza kinyozi. Kinyozi alifikiri kwanza, kama kawaida yake, kisha akasema, "Kaka, mama ametuzaa watano." Hakuna aliyelia. Hakuna aliyetafuta. Familia ilikuwa nzima, haina hata ufa. Namba ilikatwa mwisho, na kilichobaki kilikuwa kamili vile vile.

Sasa hapa ndipo mtu anapojulikana. Mwenye moyo angekimbia getini na ile tatu mkononi, amwite kinyozi, amwambie chomelea sasa hivi, usiniulize kitu. Sufuri alitetemeka, hilo hatumnyimi. Alitetemeka saa nzima. Halafu kutetemeka kukaisha, na kichwa chake kikaanza kufanya kile kilichokifahamu. Warithi wa baba walikuwa sita. Sasa ni watano. Na hakuna polisi, hakuna msiba, hakuna hata wa kuuliza.

Jaribio moja halithibitishi kitu, alijiambia. Hivyo ndivyo alivyoliita. Jaribio.

Siku iliyofuata muuguzi hakwenda zamu. Alikuwa chumbani kwa mama, anamfunga bendeji kwenye mguu uliokuwa na kidonda. Dirisha lilikuwa wazi, na Sufuri, juu ya kiti chake getini, aliwasikia vizuri.

"Usiukunje, Mama. Ukiukunja utauma."

"Unauma hivyo hivyo."

"Kesho nitakuletea ile dawa ya kupaka, ile yenye..."

Chuma kikajiachia. Sauti ikakatika katikati ya neno. Hapakuwa na kishindo wala ukelele. Sufuri alishuka, akachungulia dirishani. Mama alikuwa peke yake kitandani, ameinama, anajifunga bendeji kwa mikono yake miwili, polepole, kama mtu aliyezoea kujifunga mwenyewe kwa sababu hakuwahi kuwa na mtu wa kumfunga. Alikuwa bado anatabasamu kidogo. Hakujua anatabasamia nini.

Juu ya geti ilibaki 739391. Aliijaribu. Haikugawanyika. Akaiweka ile tatu ya pili juu ya nguzo, kando ya mwenzake, na kwa mara ya kwanza hakuchukizwa na jibu. Kugawanya hakukuwa tena na maana. Kwa nini agawane na watu, wakati watu wenyewe wanakatika?

Akasimama kuihesabu namba kwa kidole, mdomo ukimchezacheza. Saba, baba. Tatu, mama. Tisa, mimi, mzaliwa wa kwanza, tena tarakimu kubwa kuliko zote, kama inavyostahili. Tatu, dereva. Tisa, mshonaji. Moja, kinyozi. Alitazama ile moja ya mwisho, nyembamba, imesimama wima kama wembe, na akajisifu kwa kuielewa kazi ya baba yake. Mama alikwisha kumwambia kwamba tarakimu zilifuata kuingia mlangoni. Yeye aliweka kuzaliwa. Swali lilisomwa kwake kwa sauti, akajibu lingine. Mtoto akifanya hivyo kwenye mtihani, unajua anapewa nini.

Akangoja kinyozi arudi. Alitaka amsikie kwanza, kama alivyomsikia muuguzi. Kinyozi akaja mchana wa jua kali, akamsalimia, "Shikamoo, kaka," akapita, akaenda kukaa na mama barazani. Sufuri hakuitikia. Akaushika msumeno.

Ile moja haikungoja. Msumeno uliigusa tu.

Ikamwunguza kiganja. Sufuri akacheka kwa maumivu, akairusha kwenye mtaro wa maji machafu nje ya geti, akasema, "Nenda ukanyoe vyura." Ikazama kwenye tope bila sauti. Akashuka kwenye kiti, akajipangusa, akaingia ndani kumfariji mama yake kwa msiba ambao mama hangeujua.

Kinyozi alikuwa barazani.

Alikuwa amekaa pale pale, kikombe mkononi.

"Wewe?" Sufuri akasema.

Kinyozi hakugeuka. Mama hakugeuka. Dereva alitoka chumbani na taulo begani, akaja moja kwa moja mpaka alipokuwa Sufuri, na hakupunguza mwendo. Sufuri akaruka pembeni.

"Mama."

Mama alikuwa akimimina chai. Vikombe vinne. Akaliweka birika chini.

"Mama, mimi."

"Kuna upepo," Mama akasema, akajifunika kanga mabegani.

Alikwenda chumbani kwake. Kilikuwa stoo. Magunia, ngazi, baiskeli isiyo na gurudumu. Alikimbia mpaka shuleni, na njiani hakuna aliyempisha. Kwenye chumba cha walimu, mahali pa meza yake, palikuwa na maboksi ya chaki yaliyopangwa mpaka dirishani, na buibui alikwisha kutandaza utando wake juu yake. Darasani kwake alisimama mwalimu mwingine, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, na watoto walikuwa wanacheka. Katika kipindi cha hesabu. Wanacheka.

Hakuna aliyemkosa. Hilo ndilo lililomuuma kuliko woga wenyewe. Alitarajia angalau pengo.

Akarudi nyumbani anakimbia, na akasimama ghafla mtaani, kwa sababu getini palikuwa na mtu. Kinyozi alikuwa juu ya kiti, mkono wake mmoja ukipapasa juu ya nguzo. Alikuwa ameshika vyuma viwili.

"Mama!" kinyozi akaita. "Njoo uone. Kuna tatu mbili hapa. Za geti hizi, mkato wake ni wa Baba."

Mama akaja anachechemea. Akazitazama zile tatu. Akazigusa. Uso wake ukabadilika kidogo, kama wa mtu anayesikia wimbo unaopigwa nyumba ya tatu.

"Zirudishe," akasema.

"Zilikuwepo?"

"Sijui. Zirudishe tu."

Kinyozi akaenda kuleta mashine ya baba yao.

Sufuri akaelewa. Tuseme ukweli, kuelewa hakukumshinda kamwe. Juu ya geti ilibaki 73939. Nafasi iliyokuwa inafuata ilikuwa yake. Ikirudi moja kwanza, atarudi. Zikirudi zile tatu pale, zitakalia mahali pake.

"Moja kwanza!" akapiga kelele. "Iko mtaroni! Moja kwanza, mpumbavu wewe!"

Hata hapo hakuacha kutukana.

Alirukia mtaroni, akachota tope kwa mikono miwili. Tope halikutikisika. Alikiona chuma chake, ncha yake tu, ikichungulia. Vidole vyake vilipita. Alirudi getini, akamshika kinyozi mguu. Vidole vilipita. Kinyozi alijikuna pale alipoguswa, akavaa miwani ya kuchomelea.

Ikabaki tumaini moja, nalo lilikuwa la hesabu. Chuma kisichotakiwa hudondoka. Ile tatu ikishika, namba itakuwa 739393. Labda hii inagawanyika. Labda. Akapiga magoti kwenye vumbi, akaanza kugawanya kichwani, upesi, upesi kuliko alivyowahi. Kwa tatu, hapana. Kwa saba, baki nne. Kwa kumi na moja, baki. Kwa kumi na tatu, baki tano. Cheche zilimwagika juu yake, hazikumchoma. Kwa kumi na saba. Kwa kumi na tisa. Gawanyika, alinong'ona. Gawanyika, tafadhali. Alikuwa hajawahi kulitumia neno tafadhali katika nyumba ile.

Kinyozi akazima mashine. Chuma kikapoa, kutoka nyeupe hadi nyekundu, kutoka nyekundu hadi nyeusi.

Kikashika.

739393 haigawanyiki.

Kinyozi akachukua tatu ya pili. Cheche tena. Sufuri hakuhesabu safari hii. Alibaki mdomo wazi, macho juu. Nyeupe. Nyekundu. Nyeusi.

7393933. Hii nayo haigawanyiki. Namba ilikuwa imejifunga bila yeye, imara kama mwanzo, na hakuna alama ya mahali alipotolewa.

Nyuma yake geti likalia bawabani. Muuguzi alikuwa anaingia, amechoka, viatu mkononi, mfuko wa dawa begani. Alimpita Sufuri katikati ya kifua, akakunja uso kidogo.

"Uuh, baridi gani hii? Mama, nimekuletea ile dawa ya kupaka."

"Ahsante, mwanangu. Nilikuwa nakungoja," Mama akasema, akashangaa machozi yanamtoka.

Kutoka chumba cha mwisho fundi simu akauliza nani amechukua bisibisi yake ndogo. Hakuna aliyeshtuka. Mshonaji akamjibu kwa ukali aitafute pale anapoitupaga siku zote.

Maisha yakaendelea. Ukuta haukujengwa. Chumba cha mbele Mama alikihamia, kwa sababu kina jua la asubuhi na mguu wake ulilipenda.

Msimu wa mvua ulipofika mtaro uliziba, na dereva alipouzibua kwa koleo alikuta chuma kwenye tope. Moja, nyembamba, imeliwa na kutu. Mkato wa Baba, bila shaka yoyote. Kinyozi akapanda kwenye kiti, akakiweka mwishoni, baada ya ile tatu ya mwisho, akakichomelea vizuri kabisa. Kikapoa, kikadondoka. Akarudia. Kikadondoka. Mara ya mwisho kilidondoka kabla hajazima mashine.

"Hakitakiwi," akasema.

"Nipe mimi," Mama akajibu. "Kitanifaa kuzuia mlango wa jikoni, unapigapiga sana."

Basi kikawekwa pale, chini, kando ya mlango wa uani. Kilikuwa na joto saa zote, hata asubuhi za baridi, na paka hakukikaribia.

Siku chache baadaye ndipo michoro ilipoanza. Ilikuwa ukutani, chini kabisa, usawa wa kile chuma, midogo, imekwaruzwa kwenye chokaa kama kwa ukucha. Namba. Namba ya geti, na mwishoni mwake imeongezwa moja. Chini yake mistari ya kugawanya, mirefu, nadhifu, ya mtu aliyesomea. Kisha imekatwa. Kisha namba ya geti tena, imeongezwa tatu. Imekatwa. Saba. Imekatwa. Tisa. Imekatwa. Halafu moja tena, kutoka mwanzo. Muuguzi, anayependa hesabu kidogo, alichuchumaa siku moja akaifuatilia kwa kidole, akaona ajabu yake. Namba ya geti peke yake haigawanyiki. Ukiiongezea mwishoni tarakimu yoyote ile, inagawanyika. Zote zinagawanyika.

"Nani anaandika huku chini?" akauliza.

"Panya," kinyozi akasema, lakini hakucheka.

Mama akapaka chokaa. Kesho yake namba zilikuwepo tena, zimebanana zaidi, zikipanda ukuta. Akapaka tena. Sasa hupaka kila wiki, imekuwa kama kufagia.

Juzi, alipokuwa akitoka na ndoo, alikigonga kile chuma kwa mguu, kikaanguka chali kwenye sakafu. Mama akainama akakisimamisha.

"Pole, mwanangu," akasema.

Kisha akaganda, mkono mdomoni, akatazama kushoto na kulia kuona alikuwa anamwambia nani. Ua ulikuwa mtupu. Akaokota ndoo yake akaenda. Kiganja alichokishikia chuma kilikuwa kimelowa maji ya chumvi.